Idara Mbili, Kamba Moja

Swali moja huwafikia wataalamu wa saikolojia ya makundi likiwa na bajeti yake tayari: idara mbili hazielewani, je, bonanza lifanyike ufukweni au uwanja wa mpira? Fulana zimeshaagizwa, nyekundu kwa Fedha na bluu kwa Masoko. Kamba ya kuvutana ipo. Walimu wakuu nao huuliza vivyo hivyo kuhusu madarasa yao.

Swali hilo ni bovu, na limeulizwa mno. Linachukulia kwamba watu hugombana kwa kuwa hawajazoeana; wakila nyama choma pamoja na kushindana mchana mmoja, Jumatatu watakuwa kitu kimoja. Imani hiyo ilipimwa zaidi ya miaka 70 iliyopita, ikaanguka.

Kiangazi cha 1954, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake walipeleka wavulana 22 wa miaka kama 11 kwenye kambi ya Robbers Cave, Oklahoma, Marekani. Walitoka familia zinazofanana na hawakuwa wakijuana. Wakagawanywa makundi mawili, Eagles na Rattlers, kisha wakashindanishwa kwa besiboli na kuvuta kamba. Siku ya kwanza tu ya mashindano, Eagles walioshindwa waliichoma moto bendera ya wenzao. Baadaye Sherif alijaribu tiba ya bonanza: wale pamoja, watazame filamu pamoja. Mezani walirushiana chakula. Kuwekwa karibu kuliwarahisishia ugomvi.

Na fulana je? Mwaka 1970, mwanasaikolojia Henri Tajfel wa Bristol, Uingereza, alichapisha jaribio ambalo kila meneja angepaswa kulijua. Wavulana waliambiwa kwamba wamepangwa kwa mchoraji waliyempenda, Klee au Kandinsky. Kwa kweli walipangwa kwa bahati nasibu. Hawakujua hata nani yumo kundini mwao. Walipopewa fedha za kuwagawia wengine, waliwapendelea wa kundi lao, na mara nyingi walikubali kundi hilo lipate kidogo mradi liwazidi wale wengine. Jina la kundi pekee lilitosha. Basi meneja anayezivika idara mbili rangi mbili anaukoleza mpaka ule ule anaoulalamikia.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Kenya. Mchumi Jonas Hjort alichambua kumbukumbu za kiwanda kinachofungasha maua ya waridi, ambako watu hufanya kazi watatu watatu: mmoja hugawa maua, wawili hufungasha. Mgawaji alilipwa kwa jumla ya maua ya wote wawili, kwa hiyo kumnyima mmoja kulipunguza ujira wake mwenyewe. Hata hivyo aliwanyima wasio wa kabila lake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilizidisha hali hiyo. Na hawa walifanya kazi pamoja kila siku, zamu baada ya zamu! Mapema 2008 kiwanda kilianza kuwalipa wafungashaji wawili kwa jumla ya kazi yao. Upendeleo kati ya wafungashaji wa makabila tofauti ukatoweka.

Hata Robbers Cave, amani ilikuja kwa kazi. Mfumo wa maji ulipoziba, wote walitafuta kasoro. Lori la chakula lilipogoma kuwaka, makundi yote mawili yalilivuta kwa kamba ile ile waliyoshindana kuivuta.

Basi la kufanya ni haya. Darasani, tumia mbinu aliyoanzisha mwanasaikolojia Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971: kila mwanafunzi apewe kipande cha somo ambacho wenzake hawana, akisome, awafundishe. Uongozi wa kikundi uzunguke. Ofisini, chagua lengo ambalo idara moja haiwezi kulifikia peke yake, uliwekee kipimo kimoja na bonasi moja. Mezani hadhi ziwe sawa, na mkurugenzi aonekane akiunga mkono. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliyataja masharti hayo mwaka 1954. Mtu asilazimishwe kuikana idara yake, kabila lake wala dini yake.

Aliyekwisha kulipia bonanza achanganye idara katika kila timu, afute kikombe cha idara bora, na Jumatatu saa mbili asubuhi azikabidhi Fedha na Masoko bajeti moja ya kuandaa pamoja, yenye saini mbili.