JE, WAJUA? Mti wa uani kwako, kibali cha jiji

Mjini Toronto, Kanada, mwenye nyumba hawezi kuamka asubuhi na kukata mti mkubwa uani kwake, hata kama aliupanda mwenyewe. Sheria ya jiji inadai kibali kwa kila mti ambao shina lake lina kipenyo cha sentimita 30 au zaidi.

Kipimo huchukuliwa mita 1.4 kutoka ardhini, karibu usawa wa kifua. Asiyejua kipenyo hupata jibu kwa futi ya fundi cherehani: ikizunguka shina na kusoma takriban sentimita 94, mti huo unalindwa.

Miti ya kando ya barabara inalindwa yote, hata iwe michanga. Kuidhuru nako ni kosa: kukata mizizi wakati wa kuchimba msingi, kwa mfano, kunaweza kuua mti polepole bila shoka kugusa shina. Mti uliokufa au unaotishia kuanguka hauhitaji kibali, lakini jiji lazima lipewe ushahidi kwanza.

Faini huanzia dola 500 za Kanada na hufika dola 100,000 kwa kila mti.

Jirani akisikia msumeno na kuingiwa na shaka, hupiga 311, namba ya huduma za jiji. Anayeripoti ataje anwani na mahali mti ulipo, na apige simu mapema, kabla gogo halijalala chini.