Kipimo si hukumu: Wazee waelezwe kwa lugha wanayoielewa

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hawakunena kuwa kila wingu hunyesha. Tofauti hii, ambayo mkulima yeyote anaijua, ndiyo iliyokosekana siku ami yangu, mzee wa miaka 71, alipokabidhiwa matokeo ya damu katika hospitali ambayo sitaitaja. Aliambiwa kwa Kiingereza, tena kwa haraka, kwamba PSA yake iko juu. Alirudi nyumbani, akawaita wanawe na kuanza kuwagawia shamba. "Mwanangu, nimeshahukumiwa," aliniambia.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufundisha isimu, taaluma inayotenganisha ishara na kile kinachoashiriwa. Hivyo nilijitwika jukumu la kuuliza: je, PSA ni ishara ya nini?

PSA ni kimeng'enya. Neno hilo ni la ukoo mmoja na mmeng'enyo wa chakula, na hapa linafaa kabisa, kwani kazi ya PSA ni kukatakata protini za shahawa ili zisibaki zimeganda. Hutengenezwa na tezi kibofu, na kiasi kidogo huvuja hadi kwenye damu. Tezi ikikua kwa ajili ya uzee, ikipata maambukizi au ikishikwa na saratani, kiasi hicho huongezeka. Kwa hivyo kipimo hutuambia kuwa tezi ina jambo. Hakituambii ni jambo gani.

Elimu hii si ya jana. Mnamo mwaka wa 1938, Alexander na Ethel Gutman wa Marekani walionyesha kuwa kimeng'enya kingine, asidi fosfatasi, huzidi katika damu ya wanaume ambao saratani ya tezi hiyo imefika mifupani. Mwaka wa 1941, Charles Huggins na mwenzake huko Chicago walithibitisha kuwa kiasi hicho hushuka homoni za kiume zinapopunguzwa. Kazi hiyo ya tiba ya homoni ilimpatia Huggins Tuzo ya Nobel mwaka wa 1966. PSA, iliyotengwa mwaka wa 1979 katika mji wa Buffalo, ndiyo iliyochukua nafasi ya asidi fosfatasi.

Manufaa yake makubwa huonekana saratani inapokuwa imethibitishwa. Nanogramu zisizofika 10 kwa mililita, zikitazamwa pamoja na sura ya chembe na ukubwa wa uvimbe, huashiria hatari ndogo. Zikipita 20, hatari ni kubwa. Aidha, tezi ikiondolewa, PSA hutarajiwa kukaribia sufuri. Ikianza kupanda tena, yaelekea ugonjwa umerudi.

Lakini kabla ya hapo, kipimo chaweza kupotosha pande zote mbili. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka wa 2004 ulipata saratani kwa takriban wanaume 15 katika kila 100 ambao PSA yao haikuzidi 4, kiwango kilichodhaniwa kuwa salama. Jopo la wataalamu wa nchi hiyo, lililopinga upimaji wa jumla mwaka wa 2012, lilibadilisha kauli mwaka wa 2018: mwanamume wa miaka 55 hadi 69 ajadiliane na daktari wake, kisha aamue mwenyewe.

Ajadiliane. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kwa lugha gani? Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na maneno tunayo: kimeng'enya, tezi kibofu, saratani, chembe. Wanaume wenye asili ya Kiafrika wamo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu. Mzee asiyeelewa atafanya mojawapo ya mambo mawili: atakata tamaa bure, au atapuuza hadi maji yazidi unga.

Ami nilimbembeleza akarudi. Daktari mwingine aliketi naye nusu saa, akamwita "mzee wangu" na kumweleza kila hatua kwa Kiswahili. Chembe zilipochunguzwa, ilionekana ana saratani changa, inayokwenda polepole. Hivi sasa anapimwa kila baada ya miezi michache.

Shamba bado ni lake, na msimu huu amepanda mahindi.