VYOO VIWILI, TIYO MOJA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, katika kambi nyingi nyumba zimejengwa mbili mbili: ukuta mmoja katikati, choo chako huku, choo cha jirani kule. Jirani anamwaga maji, na choo chako kinanguruma na kutoa mapovu. Siku ingine maji machafu yanapanda kwako. Ndipo matata yanaanza: "Ninyi munatupa vitambaa!" "Hapana, ni watoto wenu!" Kabla ya kugombana, ujue kwanza namna tiyo zinavyokwenda.

Kila choo kina tiyo yake fupi. Hizo mbili zinakutana nyuma ya ukuta, kisha tiyo moja, mara nyingi ya milimeta 100, inapeleka uchafu wa nyumba zote mbili katika regare, ndiyo kile kisima kidogo chenye kifuniko, na toka pale mpaka fosi septiki.

Ita jirani, mujaribu pamoja. Mmoja amwage ndoo ya lita 10 kwa mara moja, mwingine atazame choo chake. Maji yakipanda kule, kizuizi kiko mbele ya mahali tiyo zinapokutana: ni shauri la nyumba zote mbili. Kama choo kimoja tu kinajaa na cha pili kinakwenda vizuri, kizuizi kiko katika tiyo fupi ya kile kinachojaa. Lakini kama maji ya choo cha pili yanavutwa na kushuka, halafu harufu inaingia nyumbani, basi kinachokosekana ni hewa.

Wewe unayefanya kazi chini ya udongo utaelewa upesi jambo hili. Maji yakishuka kwa wingi yanavuta hewa nyuma yake. Kama tiyo ya hewa inayopanda juu ya mabati imezibwa, hewa inanyonywa kupitia choo cha jirani, na yale maji kidogo ya sifoni, kama sentimeta 5 tu, yanakwisha. Ndiyo yaliyokuwa yanazuia harufu. Kwa hiyo tazama juu ya nyumba: labda ndege wamejenga kiota ndani ya tiyo, au mtu aliikata siku ya kubadili mabati.

Kama ni kizuizi, fungua regare. Imejaa? Ubaya uko mbele, pengine fosi yenyewe imejaa. Haina maji? Ubaya uko kati yake na nyumba. Fundi aingize waya yake ndefu toka regare kurudi nyumbani. Kizuizi kikirudi kila mara, apime mteremko: sentimeta 2 kwa kila meta zinatosha. Atazame pia kiungo. Tiyo mbili zikiingia uso kwa uso, uchafu wa mmoja unarukia kwa mwingine. Kiungo chenye umbo la Y kinafaa zaidi.

Sasa sikia vizuri. Hapana kushuka ndani ya fosi, hata dakika moja. Mule kuna gazi yenye harufu ya mayai yaliyooza, na ikiwa nyingi pua haiisikii tena. Mtu anaanguka, ndugu yake anashuka kumwokoa, na wote wawili wanakufa. Hapana kuwasha kiberiti wala sigara karibu. Hapana kuchanganya asidi na javeli: gazi ya klorini inayotoka inaunguza mapafu, na chumba cha choo ni kidogo.

Vaa mabuti na glavu. Sakafu iliyopata maji machafu ioshwe kwa sabuni kwanza, isuuzwe, kisha javeli. Tunakumbuka kipindupindu cha mwaka 2008 Lubumbashi na Likasi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula ao mtoto. Na kifuniko cha regare kirudishwe mahali pake siku ileile, maana watoto wanacheza katika lupango.