Nani Hayupo Leo?

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya vikundi vidogo vya ushirika katika kanisa: jinsi ya kuvianzisha, jinsi ya kuviongoza, na zaidi ya yote, kazi yake ni nini. Makanisa mengi yanavyo, au yalikuwa navyo. Vingi huanza kwa nyimbo na shangwe, na baada ya miezi michache hubaki majina tu katika kitabu cha baraza la kanisa. Kwa nini huwa hivyo?

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Katika kanisa moja tulilotumikia palikuwa na mzee aliyezoea kuketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Mkewe alikuwa amefariki, na watoto wake walikuwa mbali kwa kazi. Jumapili saba mfululizo hakuonekana, na hakuna aliyeuliza. Siku moja mtoto wa shule ya Jumapili alitaja tu kwamba babu jirani yao hawezi kuinuka kitandani. Tuliondoka siku hiyo hiyo kwenda kumwona. Alitutazama akasema kwa upole, "Mchungaji, nilijua mtakuja kunizika. Kwamba mtakuja kunijulia hali, hilo sikulijua."

Hatukuwa na jibu. Tuliporudi kanisani tulifungua sanduku la kadi za zaka, tukaitoa kadi yake. Pale palikuwa na nafasi saba tupu, moja kwa kila juma. Mweka hazina alikuwa ameziona, nasi tulikuwa tumeziona, na sote tulikuwa tumesema moyoni, "Huyu amechelewa kutoa." Kadi ilikuwa ikituambia kwamba mtu ni mgonjwa, nasi tukasoma kwamba fedha zimepungua.

Ndugu zetu, Bwana Yesu alisimulia habari ya mtu mwenye kondoo mia aliyepotewa na mmoja (Luka 15). Sisi wahubiri twapenda kueleza safari yake ya kumtafuta nyikani. Lakini tujiulize kwanza: alijuaje kwamba mmoja hayupo? Kondoo tisini na tisa ni kundi kubwa, na ukiwatazama kwa mbali waweza kudhani wametimia. Alijua kwa sababu aliwahesabu. Sasa, ni nani anayeweza kuhesabu watu mia tatu akiwa amesimama mimbarani? Hata Musa hakuweza kuwahudumia watu wote peke yake. Mkwewe Yethro alimwona akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, akamwonya kwamba atachoka yeye na watu pia. Akamshauri aweke viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, na hata wa kumi (Kutoka 18). Angalieni kwamba Yethro hakuishia kwenye mia. Alishuka mpaka kumi, kwa maana katika watu kumi asiyekuwapo huonekana.

Tuwaeleze jambo lililotokea zamani huko Uingereza. Mwaka 1742, katika mji wa Bristol, watu waliokuwa chini ya uongozi wa John Wesley walikutana kushauriana juu ya deni la nyumba yao ya ibada. Wesley alikuwa kasisi wa Kianglikana, na alibaki hivyo mpaka kufa kwake mwaka 1791. Katika mkutano ule mtu mmoja, Kapteni Foy, alishauri kwamba kila mtu atoe peni moja kila juma mpaka deni liishe. Mwingine akasema kwamba wengi ni maskini, hawataweza. Foy akajibu kwamba apewe kumi na mmoja walio maskini kabisa. Atawatembelea kila juma, na asiyeweza kutoa, yeye atamlipia. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo.

Wale watu wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba wakikusanya peni. Walikwenda kutafuta fedha, wakakuta watu. Mmoja alirudi na habari kwamba amemkuta fulani akigombana na mkewe. Mwingine alimkuta ndugu amelewa. Hapo Wesley akatambua kwamba amepata kitu alichokuwa amekihitaji kwa siku nyingi, yaani njia ya kuwachunga watu mmoja mmoja. Baadaye waliona kuzunguka kwachukua muda mwingi, tena wengine walikaa katika nyumba za mabwana wao ambao hawakuruhusu wageni. Kwa hiyo wakaanza kukutana pamoja mara moja kwa juma, kila kikundi watu kama kumi na wawili pamoja na kiongozi wao.

Kule Bristol jambo lilianza kwa deni la jengo, likawa uchungaji. Kwetu sisi mara nyingi limekwenda kinyume. Twaanzisha vikundi kwa ajili ya kuchungana, na kabla mwaka haujaisha vimekuwa vituo vya kukusanyia michango ya jengo, ya mabati, ya harambee. Kiongozi akibisha hodi, wenye nyumba hutazamana wakijiuliza, "Leo ni mchango gani tena?" Asiye na fedha hujificha. Basi kikundi kilichokusudiwa kumtafuta aliyepotea ndicho kinachomfukuza. Hiyo ni sababu kubwa ya vikundi vyetu kufa.

Hatusemi kwamba kutoa si wajibu. Twasema kila jambo lina mahali pake. Michango ya jengo itangazwe kanisani na kukusanywa na mweka hazina. Katika kikundi kiwe na kibweta kidogo tu, kwa ajili ya mgonjwa au aliyefiwa wa kikundi hicho, na mtu asiitwe kwa jina kuulizwa ametia kiasi gani.

Sasa twawapa mashauri machache ya kupanga kazi hii.

Kwanza, wazee wa baraza waketi na rejista ya kanisa, waandike majina yote kwa kufuata mahali watu wanapokaa: upande huu wa mto, ng'ambo ya soko, nyumba zilizo karibu na shule. Msiwagawe watu kwa kabila, wala kwa cheo, wala kwa urafiki. Nyumba sita au saba zinazoweza kufikiana kwa miguu zatosha. Mtu anayekaa mbali peke yake asiachwe nje ya hesabu, kikundi kilicho karibu naye kiambiwe waziwazi, "Huyu ni wenu."

Pili, wawekwe viongozi wawili kwa kila kikundi, ili mmoja akisafiri au akiugua kazi isisimame. Hapa twakosea mara nyingi. Twamchagua mwenye sauti nzuri, au mwalimu, au tajiri. Lakini huenda mtu afaaye zaidi ni yule mama anayeuza mboga, ambaye anajua ni nyumba ipi haikuwasha moto jana. Viongozi hawa wakutane na mchungaji mara moja kwa mwezi, wafundishwe, waombewe, nao waeleze wameona nini. Mchungaji asiyekutana na viongozi wake asishangae vikundi vikienda kila kimoja njia yake.

Tatu, utaratibu wa mkutano uwe mwepesi. Saa moja na nusu yatosha. Imbeni, ombeni, someni somo la Jumapili iliyopita, kisha mjiulize maneno matatu: Somo hili lasema nini? Latuambia nini sisi wa hapa? Tutafanya nini juma hili? Kila mtu apewe nafasi ya kusema, hata yule asiyejua kusoma. Kiongozi asihubiri. Mahubiri wamekwisha kuyasikia.

Nne, kabla ya sala ya mwisho kiongozi aulize kila mara: "Nani hayupo leo?" Majina yatajwe, na watu wawili watumwe kwenda kumwona kila asiyekuwapo kabla ya Jumapili. Waende kumjulia hali, si kumkaripia. Hata kama mmesahau mashauri yetu mengine yote, lishikeni hili.

Tano, kubalianeni juu ya chai. Msicheke, ndugu. Twamjua mama mmoja aliyeacha kuja kwa sababu zamu ilikuwa inafika nyumbani kwake. Nyumba iliyotangulia ilikuwa imepika kuku na chapati, naye siku ile hakuwa na hata sukari. Aliona aibu, akanyamaza, tukadhani amepoa katika imani. Kikundi kikaamua iwe chai ya rangi kwa wote, au maji, hata katika nyumba ya tajiri. Mama yule akarudi.

Sita, yanayosemwa katika kikundi yabaki humo. Mtu aliyeungama udhaifu wake jioni akausikia kisimani asubuhi, hataungama tena. Wazee wetu wa uamsho, ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Kenya mwaka 1937, walijua jambo hili. Walikutana kila juma bila mshahara wala cheo, wakaungamiana makosa yao, wakaita hali hiyo kutembea nuruni. Nuru hiyo ni ya kuponya. Ukiitumia kumwaibisha ndugu yako, umeigeuza kuwa moto.

Saba, wafikirieni wasioweza kuja saa yenu. Kuna mlinzi wa usiku, kuna mwuguzi wa zamu, kuna msichana wa kazi ya nyumbani ambaye, kama wale wa Bristol, hana ruhusa ya kukaribisha mgeni wala kutoka jioni. Huenda kikundi chao kikawa cha saa nane alasiri. Na kikundi kikizidi watu kumi na watano, kigawanywe kiwe viwili, la sivyo aliye mnyonge atapotea ndani yake kama alivyopotea kanisani.

Wako watakaosema, "Vikundi hivi vitatuletea mafarakano, kila kimoja kitakuwa kanisa." Hofu hiyo si ya bure, na sisi wachungaji twaijua sana. Lakini tuwe wa kweli: wakati mwingine tunachoogopa ni watu kupata msaada bila kupitia mikononi mwetu. Mitume walipoona wajane wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakuona wivu. Waliomba watu saba wachaguliwe, wakawakabidhi kazi (Matendo 6). Na Paulo aliposalimu kanisa lililokuwa nyumbani mwa Priska na Akila (Warumi 16), hakulihesabu kuwa mpinzani. Tukutane nyumbani katikati ya juma, na siku ya Bwana tuje wote kwenye meza moja.

Turudi kwa yule mzee. Kwa kuwa hakuweza kutembea, wa jirani waliamua kukutana chumbani mwake kila Alhamisi. Wengine waliketi kitandani pake, wengine mkekani. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuuliza, "Nani hayupo?" Aliifanya kwa bidii kuliko sisi sote, kwa kuwa alijua maana yake. Alifariki mwaka uliofuata, na waliobeba jeneza lake walikuwa watu wa kikundi kile, waliomjua kwa jina na kwa maumivu yake. Tulifika kumzika, kama alivyosema. Lakini safari hii tulikuwa tumefika mapema kuliko hapo.

Basi, ndugu mpenzi, Jumapili ijayo kabla hujatoka kanisani, tazama benchi lako. Nani alikuwa akiketi hapo? Usingoje kikundi kiundwe. Nenda ukabishe hodi.

Na tuombe. Ee Bwana, Mchungaji wetu mwema, wewe watujua kila mmoja kwa jina. Utusamehe kwa wale tuliowasahau. Utupe macho ya kuona nafasi iliyo tupu, na miguu ya kwenda. Uwabariki walio wagonjwa na wapweke wanaotusikia sasa, na uwatumie mtu wa kubisha mlangoni pao leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.