Matumbawe sebuleni: Raha ya macho inayodai subira

Je, msomaji, wajua kwamba kuta za Fort Jesus pale Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ni mawe ya matumbawe? Nyumba za kale za Lamu na magofu ya Gedi ni vivyo hivyo. Mawe hayo yalijengwa baharini na viumbe wadogo laini, ambao wengi wao hawazidi ukubwa wa punje ya mchele.

Wengi wetu hudhani kwamba tumbawe ni jiwe, na wengine husema ni mmea. Ukweli ni kwamba tumbawe ni mnyama. Ana mdomo, ana tumbo, na ana mikono midogo ya kunasia chakula. Ndani ya mwili wake huishi vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutumia mwangaza wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao. Naye huchukua madini ya chokaa kutoka majini na kujijengea mifupa. Wanyama hao wakiishi pamoja kwa maelfu ya miaka, mwamba hutokea.

Kwa sababu hiyo, watu wengi duniani wamejaribu kuufuga mwamba huo nyumbani, ndani ya tangi la kioo. Mmoja wa waliotangulia ni Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, ambaye mwaka wa 1961 alieleza jinsi alivyowafuga samaki na viumbe wa baharini kwa kutumia mawe hai ya mwambani, mwangaza, na mapovu ya hewa tu. Siku hizi kuna taa na pampu za kila namna, lakini msingi ni ule ule.

Iwapo wewe au watoto wako mmevutiwa na jambo hili, someni kwanza kabla ya kufungua kibeti. Tangi la maji ya bahari hugharimu mara nyingi zaidi ya tangi la samaki wa maji baridi, na anayelipia makosa yako ni kiumbe asiyeweza kulia.

Tangi na maji yake

Anayeanza hushauriwa kuchagua tangi la wastani, tuseme la lita 200. Maji machache huchafuka na kubadilika joto upesi, ilhali maji mengi hukupa nafasi ya kurekebisha mambo. Kumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja hivi. Ukiongeza kioo na mawe, tangi hilo litapita kilo 250. Meza ya kawaida ya sebuleni haliwezi. Tafuta fundi akutengenezee kiunzi imara, na uliweke mbali na dirisha lenye jua kali.

Kwa mkazi wa Nairobi au Nakuru, bahari iko mbali. Maji itabidi uyatengeneze mwenyewe kwa chumvi maalum ya matangi ya bahari. Chumvi ya jikoni haifai kamwe, kwani haina madini mengine yanayohitajika. Kipimo ni karibu gramu 35 kwa kila lita, yaani kilo saba kwa tangi letu la lita 200. Maji ya mfereji nayo yana klorini na vitu vingine, kwa hivyo yapitishe kwanza katika mtambo wa kuyasafisha hadi yabaki maji matupu.

Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Nairobi, mwezi wa Julai, utahitaji hita. Mombasa, mwezi wa Machi, tatizo huwa kinyume: utahitaji feni ya kupuliza juu ya maji ili yapoe.

Jambo moja huwatatiza wengi. Maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi haiondoki, hubaki tangini. Hivyo basi, ukijazia maji yaliyokauka, jazia maji matupu yasiyo na chumvi. Ukijazia ya chumvi kila siku, tangi litazidi kuwa kali hadi viumbe wafe.

Wiki sita za kungoja

Hapa ndipo subira hupimwa. Usiingize samaki wala matumbawe siku ya kwanza. Kila kiumbe hutoa uchafu, na uchafu huo hugeuka kuwa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyodhuru sana. Bakteria hao huishi katika mawe yenye vitundu vingi na mchangani, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha.

Nunua vifaa vya kupimia maji na uandike matokeo daftarini. Amonia na naitraiti zikiwa sufuri kwa siku kadhaa mfululizo, tangi limekomaa. Mwanafunzi wa sayansi atajifunza mengi kutokana na daftari hilo kuliko kutokana na mchoro wa kitabuni.

Baadaye anza na konokono wachache wa kula mwani, kisha samaki wawili. Wale wadogo wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, ambao watoto waliwazoea katika filamu ya Finding Nemo ya mwaka wa 2003, ni wavumilivu. Walishe kidogo tu, kwani chakula kinachobaki huoza na kuchafua maji. Kila wiki ondoa lita 20 za maji na uweke mengine mapya ya chumvi yenye joto lile lile.

Tumbawe la kwanza

Matumbawe hayalingani kwa ugumu wa kuyafuga. Anza na yale laini, kama Sarcophyton, lenye umbo la uyoga, au Sinularia, lenye vidole. Haya huvumilia makosa madogo. Aina ngumu zenye matawi, kama Acropora, ziache hadi tangi lipite mwaka mmoja, kwa maana hutaka mwangaza mkali, mkondo wa nguvu, na maji yasiyobadilika.

Aina ngumu hula madini mengi ili kujenga mifupa. Kalsiamu inafaa iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, na magnesiamu ipate kama 1,300. Madini hayo yakipungua, ukuaji husimama.

Aidha, usiyabananishe. Tumbawe huweza kumchoma jirani yake kwa mikono yenye sumu usiku, taa zikiwa zimezimwa. Acha nafasi ya sentimita 15 hivi.

Kukata na kupandikiza

Raha kubwa ya kazi hii ni kuzalisha. Kama vile mkulima anavyokata pingili ya muhogo na kuipanda upya, ndivyo unavyoweza kukata kipande cha tumbawe na kupata tumbawe jipya.

Kata tumbawe lenye afya linalokua vizuri, kamwe si lile linaloumwa. Kwa tumbawe laini, tumia mkasi mkali uliosafishwa na ukate kipande cha sentimita mbili au tatu. Kwa lile gumu, tumia koleo la kukatia. Suuza kipande katika maji ya tangi uliyoteka ndooni, kisha umwage maji hayo, kwani yana utelezi na sumu.

Kipande kigumu kigandishe juu ya kijiwe kwa supaglu nzito isiyotiririka. Hushika hata penye majimaji na haidhuru tumbawe. Kipande laini huteleza, kwa hivyo kifunge taratibu kwa wavu mwembamba. Baada ya wiki moja au mbili kitakuwa kimejishika chenyewe. Kiweke chini penye mwangaza hafifu kwanza, halafu kipandishe pole pole. Siku za kwanza kitajikunja na kuonekana kama kimekufa. Usikiguseguse.

Mbinu hii imekuwa na manufaa makubwa nje ya nyumba pia. Huko Florida, Marekani, mtafiti David Vaughan wa maabara ya Mote aligundua kwamba vipande vidogo sana vya matumbawe hukua kwa kasi kuliko vikubwa, na ugunduzi huo unatumiwa kufufua miamba. Hapa kwetu, Wasini na Mkwiro katika Kaunti ya Kwale, wanakijiji wameshirikiana na watafiti kupandikiza vipande baharini.

Mambo ya hatari

Wazazi, sikilizeni hapa. Baadhi ya matumbawe laini, hasa yale yanayofanana na vifungo vya shati yaitwayo zoanthidi, huweza kuwa na sumu kali iitwayo palitoksini. Vaa glavu na miwani ya kujikinga unapokata, osha mikono, na usiwaruhusu watoto wadogo kushika. Usichemshe kamwe mawe ya tangini ili kuyasafisha. Mvuke wake umewahi kuwafikisha watu hospitalini.

Umeme nao ni mtihani. Stima zikipotea, pampu husimama na hewa huisha majini kwa muda wa saa chache. Weka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Nyaya zote zipinde chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Isitoshe, usitie tangini dawa ya samaki yenye shaba. Samaki watapona, lakini konokono na matumbawe watakufa.

Yametoka wapi?

Swali hili usilikwepe unaponunua. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na hayawezi kuvuka mpaka bila kibali. Katika mbuga za baharini zinazosimamiwa na KWS, kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka wa 1968, huruhusiwi kuondoka na hata kombe. Nunua vipande vilivyokuzwa tangini, na umtake muuzaji akuonyeshe hati.

Sababu ipo. Joto la bahari la mwaka wa 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Maji yakizidi joto, mnyama huyu huwafukuza wale vijimea wanaomlisha, akapauka na kufa njaa. Mwezi wa Aprili 2024, wataalamu walitangaza kwamba dunia ilikuwa katika kipindi cha nne cha kupauka kwa matumbawe kote ulimwenguni. Mwamba uliodhoofika hivyo hauwezi kuvumilia tena mtu wa kuuvunja kwa ajili ya pambo la sebuleni.

Kabla ya kuamua, keti na jamaa yako mjiulize: nani atabadilisha maji kila Jumamosi? Nani atabaki na tangi mkienda mashambani Desemba? Pesa za taa zikiungua zitatoka wapi? Kama majibu hayapo, haidhuru. Wekeni akiba, na likizo ijayo mpande mashua yenye sakafu ya kioo huko Watamu au Mombasa. Mtayaona matumbawe kwao. Msiyakanyage tu.