Kivinjari Kipya na Mashine Kuukuu

Wakufunzi wenzetu hutuuliza ni kivinjari kipi kifaacho kufundishia intaneti. Firefox iliyosanifiwa upya, toleo la 57 la Novemba 2017, ilikuwa na sifa moja kubwa. Chrome huelekea kuifungulia kila tovuti mchakato wake, na hivyo hula kumbukumbu ya kompyuta. Firefox ile iligawia vichupo vyote michakato minne tu. Kwa mashine zetu kuukuu hiyo ilikuwa nafuu, ingawa viongezo vya zamani vilikufa, na baadhi ya masomo tuliyoyaandaa yakafa navyo. Mwaka 2021 Firefox nayo ilianza kutenga tovuti, kwa ajili ya usalama. Basi hatumwamuru mwanachuo atumie kipi. Tunamwagiza afungue kurasa zile zile kumi katika vyote viwili, kisha apime mwenyewe kumbukumbu iliyotumika.