Duara la Ngoma na Mteremko wa Mlima

Tamthilia ya Wayunani, ambayo wengi wetu huidhani kuwa mwana wa vitabu, asili yake ni ngoma: wanaume 50 wa Athene wakizunguka na kuimba kwa kumtukuza mungu wao Dionysus, hata yapata mwaka 534 kabla ya Masihi, wasemavyo wanahistoria wa kale, Thespis akajitenga na waitikiaji, akasema nao kana kwamba ni mtu mwingine. Aeschylus akaongeza mchezaji wa pili, Sophocles wa tatu. Na kibanda cha kubadilishia mavazi nyuma ya uwanja kikageuka kuwa kasri la mfalme.

Lakini ustadi unaonistaajabisha zaidi ni ule wa ardhi. Sauti ipitayo juu ya watu walioketi mahali tambarare humezwa na nguo na miili yao, ilhali mteremkoni kila mmoja huipokea bila kizuizi. Kule Epidaurus, Ugiriki, palipojengwa ukumbi katika karne ya 4 kabla ya Masihi, mawe ya chokaa yamepangwa kama ngazi kuuzunguka uwanja wa duara. Na mwaka 2007 watafiti Nico Declercq na Cindy Dekeyser walionyesha kwa hesabu kwamba ngazi hizo hufifiza sauti nzito za chini ya mitetemo 500 kwa sekunde, mithili ya minong'ono ya hadhira, na kuzirudisha zile nyembamba zinazoyapambanua maneno.

Ngoma na mteremko si mali ya Wayunani peke yao: Wambeere wa Siakago, nchini Kenya, wanayo ngoma yenye manju na waitikiaji, na nchi ya miteremko chini ya mlima Kiang'ombe. Wanafunzi wakighani shairi kwa pamoja kwa ajili ya mashindano ya drama, wote wakilikata neno kwa pumzi moja, miguu ikitimua vumbi kwa mshindo mmoja, kazi yao ni ile ile ya waitikiaji wa Athene. Nami huona uchungu wanapofungiwa katika kumbi za mabati ambamo mwangwi huyala maneno yao.

Kumbi hizo si lazima: kule Kamirithu, karibu na Limuru, wanakijiji walijijengea wenyewe mwaka 1977 uwanja wa wazi wa watu zaidi ya 2,000 ili waigize tamthilia ya Ngaahika Ndeenda: jukwaa la nusu duara, viti virefu vya mbao vilivyopangwa kama ngazi, na nyuma ya jukwaa nyumba ndogo ya kubadilishia mavazi. Mchezo ulipigwa marufuku Novemba ya mwaka ule ule, na mwaka 1982 polisi wakaubomoa uwanja. Ramani ile yastahili kujengwa tena, na mteremko mmoja wa Siakago ungeifaa sana.